Oda ya Rahaleo imeenda Lindi: shida za kugawa maeneo ya mawakala kwa postikodi na pa kuanza kuangalia

Mama mmoja wa Mtwara mjini, kata ya Rahaleo, kapiga simu anataka mtungi wa kilo 15, ana shughuli nyumbani, wali uko jikoni na gesi imekata. Dada anayepokea oda yuko Dar, kaandika Rahaleo, kompyuta ikamletea Rahaleo na oda ikatua kwa wakala wa Lindi mjini, kilomita zaidi ya 100 kutoka kwenye hilo jiko. Wakala wa Lindi kazunguka na bodaboda anatafuta nyumba ambayo haipo, wa Mtwara kakaa dukani na mitungi yake imejaa, mama kawasha mkaa. Jioni simu zote tatu zikaja kwangu.

Mi ndo nasimamia mawakala wanaouza gesi ya kupikia kwa jina moja la kampuni huku Mtwara na Lindi, ule mtindo wa franchaizi, yani duka lako, mtaji wako, ila jina, bei na rangi ya ukuta vya kampuni, afu unapewa eneo lako ambalo mwenzio haruhusiwi kupeleka mtungi. Maeneo yetu tuliyagawa kwa postikodi. Nimekaa na hizi shida mda mrefu na nimeona zinajirudia zilezile, na mara nyingi mawakala wanagombana wakati kosa liko kwenye orodha. Kwahiyo naandika hapa kila shida inavyojionyesha, inatokana na nini na unaishikaje, anayegawa maeneo ya soda, simu, sola, mbegu, chochote, asianzie nilipoanzia mimi.

Kwanza ujue postikodi yetu ni nini maana nusu ya shida inaanzia hapa. Ni tarakimu tano, ya kwanza ni kanda, mbili za kwanza ni mkoa, tatu za kwanza ni wilaya, na zote tano zinakufikisha kwenye kata. Kata tu, haishuki kwenye mtaa wala nyumba. Mtwara zote zinaanza na 63, Lindi 65, majirani zetu Pwani ni 61, Morogoro 67, Ruvuma 57. Hizo mbili za mwanzo zishike kichwani, zitakuokoa sana.

Oda inaenda mkoa mwingine kabisa

Hii ndo ya yule mama. Sababu karibu kila mara ni moja: mtu kaunganisha orodha ya oda na orodha ya mawakala kwa JINA la kata badala ya namba. Rahaleo ipo Mtwara manispaa na Rahaleo ipo Lindi manispaa. Ukiweka fomula ya VLOOKUP (ile ya Excel ya kutafuta kitu kwenye orodha) kwa jina inakupa ya kwanza inayokutana nayo kwenye orodha na inanyamaza, haikwambii kwamba kuna nyingine chini. Magomeni ipo Mtwara na ipo Dar, Tandika hivyohivyo, Mnazi Mmoja ipo Lindi na kila mtu wa Dar anajua Mnazi Mmoja yake. Afu kuna Nachingwea, ni wilaya nzima na pia ni jina la kata pale Lindi mjini, sa mteja akisema "niko Nachingwea" na mpokea simu hajawahi kufika kusini unategemea nini?

Jinsi ya kujua kama ndo tatizo lako, chukua orodha yako ya kata zote ipange kwa jina, angalia majina yanayotokea mara mbili. Kama yapo na wewe unaunganisha kwa jina, usitafute zaidi, ndo hapo. Angalia pia maandishi, Ng'apa mmoja kaiandika na kikoma cha juu, mwingine bila, mwingine kaweka alama ya kwenye simu ambayo kwa macho ni ileile ila kompyuta inaona ni herufi nyingine, basi kata moja inageuka tatu na mbili kati ya hizo hazina wakala.

Dawa yake ni kuunganisha kwa postikodi peke yake, jina la kata liwe la kusomwa na binadamu tu. Na mpokea simu awe anaona jina la kata pamoja na halmashauri, "Rahaleo, Mtwara Mikindani" na "Rahaleo, Lindi Manispaa", achague, asiandike kwa mkono. Sisi tulivyobadilisha hivi hizi oda za kwenda mkoa mwingine zilikata.

Mteja hana postikodi, au anatoa namba ya ajabu

Utakuta kwenye sehemu ya postikodi mtu kaandika S.L.P. ya shule anayofundisha, mwingine kaandika 255, mwingine 00000. Hawa watu hawana kosa. Miaka yote anwani kwetu ilikuwa ni sanduku la posta, na sanduku linakwambia barua inachukuliwa wapi, halikwambii mtu anapika wapi. Mwalimu anaweza kuwa anakaa kijijini Tandahimba na sanduku lake liko mjini, ukimgawa kwa sanduku umempa wakala asiye wake.

Hizo 00000 asili yake ni nyingine. Programu ya oda tuliyokuwa tunatumia ilitengenezwa nje, ilikuwa inalazimisha ujaze kodi (yani postikodi, siyo ya serikali) ndo iendelee, kwa sababu kule Marekani kodi zao za ZIP zipo toka 1963 na kila mtu anaijua ya kwake kama jina la ukoo. Huku dada wa simu ana watu kumi kwenye foleni, mteja hajui, anafanyaje? Anajaza sifuri. Mwisho wa mwezi ripoti inaonyesha eneo linaloongoza kwa mauzo ni 00000.

Unachofanya ni kuweka kizuizi chepesi, kodi iwe tarakimu tano na ianze na 63 au 65, vinginevyo oda iende kwenye kapu la kuhakikiwa na mtu, isiende kwa wakala yeyote. Na la muhimu kuliko yote, USIMUULIZE mteja postikodi. Muulize kata na mtaa, au kijiji na kitongoji, hayo anayajua, afu mfumo ndo utafute namba. Akikwama kabisa, toka ile operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina, na ipo programu ya simu ya NaPA ambayo unatafuta anwani humo. Na kama bado, piga kwa mtendaji wa kata. Mimi watendaji wa kata wamenisaidia kuliko programu zote, hasa kwenye vijiji vya mpakani.

Kama kampuni yako ina wateja Kenya pia kuwa makini na Excel, kodi za Nairobi zinaanza na sifuri, 00100 kwa mfano, ukiiacha Excel ione ni namba inazikata zinabaki 100. Zetu hazianzi na sifuri kwahiyo huku kusini hutaliona hilo, ila fanya safu ya postikodi iwe ya maandishi tu toka mwanzo, haina hasara.

Mawakala wawili wanagombania mteja mmoja

Hapa nikae kidogo maana ndo panaumiza watu. Kuna kata mbili zinapakana pale mjini, sizitaji maana mawakala wenyewe wanajulikana, na mpaka wake unapita katikati ya barabara yenye maduka pande zote mbili. Mgahawa uko upande huu, mwenye mgahawa anakaa upande ule, na duka la wakala wa upande ule liko hatua hamsini tu. Wakala A anasema mteja ni wangu kwa sababu mgahawa uko kwenye kodi yangu, B anasema ni wangu kwa sababu anakaa kwangu na nimekuwa namuuzia toka kabla hamjachora hiyo ramani yenu. Ukisoma mkataba unakuta umeandikwa "wakala atauza kwa wateja wa eneo lake". Sasa mteja wa eneo ni yupi? Anayekaa pale, anayelipa akiwa pale, au ambaye mtungi unatua pale?

Hilo neno moja lilituletea miezi ya ugomvi, mzee mmoja wa watu, wakala wa siku nyingi, alikuja ofisini akaniambia "mwanangu, mimi barabara hii nimeanza kuuza mafuta ya taa kabla hata ya gesi, leo unaniambia upande wa pili ni nchi nyingine?" Na alikuwa na haki yake kulalamika, ile barabara wote wanaiona ni soko moja, sisi ndo tuliikata katikati kwa sababu namba imekatika pale.

Basi ukiona ugomvi wa namna hii jiulize mambo mawili. La kwanza, je mkataba umetaja eneo linahesabika kwa nini? Sisi tumeandika linahesabika pale mtungi unapofungwa kwenye jiko, basi. Mwenye mgahawa akikaa Mikindani au Masasi hainihusu, jiko liko wapi? La pili, je ni mteja wa kupelekewa au wa kuja dukani mwenyewe? Mtu akibeba mtungi wake mtupu kuja dukani huwezi kumuuliza unatoka kata gani, utamfukuza, na atakwenda kwa kampuni nyingine. Kwahiyo anayekuja dukani ni wa duka, oda ya simu ndo inafuata kodi. Ukishatenganisha hivi viwili sehemu kubwa ya kesi zinaisha zenyewe.

Wenzetu wa Marekani hili wameliwekea sheria, mwenye jina akitaka kuuza franchaizi lazima kwenye zile nyaraka za kufichua taarifa kuwe na kipengele, namba 12, kinachosema eneo lako ni lipi na kama ni la peke yako au kampuni inaweza kukuingilia, mpaka mauzo ya intaneti yanatajwa. Huku hata kama hakuna anayekulazimisha, andika. Wakala anaweka akiba ya maisha yake kwenye hilo duka, ana haki ya kujua mpaka uko wapi kabla hajatoa hela.

Na kama barabara kweli ni soko moja, usiikate. Mpe mmoja kata zote mbili, au waandike wote wawili kwamba barabara ile ni ya pamoja. Postikodi ni tofali la kujengea eneo tu, ukubwa wa chumba unaamua wewe.

Ramani ina matundu meupe, au rangi mbili zimepandana

Umeweka orodha yako kwenye QGIS au programu nyingine ya ramani, ukapaka kila wakala rangi yake, afu unaona kuna sehemu nyeupe katikati ya Lindi au kata moja ina rangi mbili. Mara nyingi faili la mipaka ulilopakua ni la zamani na orodha ya kodi ni mpya, au kinyume chake. Huku kwetu halmashauri zimegawanywa na kubadilishwa sana, Nanyamba imetoka Mtwara vijijini, Masasi na Newala kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya, na iliyokuwa Lindi vijijini siku hizi ni Mtama na kata nyingine zimeingia Lindi manispaa. Faili la zamani bado linasema Lindi vijijini. Kata nazo zinazaliwa, moja inakatwa mbili, mpya inapata namba yake, ramani yako haina habari.

Usianze kuchora kwa mkono kuziba tundu. Hesabu kwanza kata za kila halmashauri kwenye orodha, hesabu na kwenye ramani, zisipolingana umeshajua halmashauri gani ina tatizo, afu linganisha jina kwa jina hapohapo. Sisi tumekubaliana orodha ndo bosi na ramani ni picha yake tu, zikipingana tunafuata orodha, na orodha ina tarehe juu.

Kuna jambo watu wanalisoma kwenye miongozo ya Marekani likawachanganya, kwamba kodi ya posta siyo eneo ni njia ya mpeleka barua na haina mpaka wa kweli. Kwao ni sahihi, ZIP ilitengenezwa kwa ajili ya kupeleka barua, nyingine ni ya jengo moja tu au masanduku ya posta matupu, mpaka ofisi yao ya sensa ikalazimika kutengeneza maeneo yake ya kukadiria ili waweze kuchora ramani. Ya kwetu ni tofauti kwa sababu imekaa juu ya kata, na kata ina mpaka wa kiserikali. Kwahiyo kwenye hili sisi tuna unafuu, ila siku mpaka wa kata ukibadilika eneo la wakala nalo linabadilika bila mtu kumuuliza.

Kila mmoja amepewa kata sawa lakini mmoja anakufa njaa

Hili kosa nililifanya mwenyewe. Nikasema haki ni kila wakala apate kodi idadi sawa, inaonekana vizuri kwenye karatasi. Kata ya Mtwara mjini unaizunguka kwa miguu kabla ya chai ya saa nne, kata ya Liwale unaweza kumaliza tanki la pikipiki. Sensa ya 2022 inasema mkoa wa Mtwara una watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028, lakini Lindi kwa ukubwa ni kama kilomita za mraba 66,000 na Mtwara kama 16,700, yani watu wachache wametawanyika kwenye ardhi karibu mara nne. Na sehemu kubwa ya Liwale ni pori la hifadhi, kwenye ramani rangi ya wakala wa Liwale inavutia, imejaa ukuta mzima, ila ndani yake ni tembo.

Ukiona mauzo hayalingani acha kuangalia idadi ya kodi na ukubwa wa rangi, chukua idadi ya watu na kaya kwa kila kata kwenye matokeo ya sensa, weka pembeni ya kodi, jumlisha kwa kila wakala. Afu uliza swali ambalo idadi ya watu peke yake haitakujibu kwa bidhaa yako, mimi langu lilikuwa ni wangapi wanapikia gesi na wangapi kuni, maana kijiji chenye watu wengi ambacho kuni ziko nyuma ya nyumba bure, kwangu ni kidogo kuliko mtaa mmoja wa nyumba za kupanga. Hilo utalijua vizuri kwa kwenda.

Eneo lilikuwa zuri, ghafla mauzo yamekufa

Kabla hujamnyang'anya mtu eneo angalia kalenda. Kusini hela ina msimu. Minada ya korosho ikianza kuanzia Oktoba na malipo yakaanza kuingia kupitia vyama vya msingi, Newala na Tandahimba unauza mpaka mitungi inaisha, ikifika Machi na Aprili mtu huyohuyo anakwambia kaka nitakuja mwisho wa mwezi. Lindi kuna ufuta, mnada wake uko katikati ya mwaka, kwahiyo kilele chao hakilingani na cha wenzao. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alilinganisha Novemba na Aprili akataka kumfuta wakala wa Tandahimba, nikamuomba alinganishe Aprili na Aprili ya mwaka wa nyuma, jamaa alikuwa amepanda. Kila kodi ilinganishwe na yenyewe, mwezi uleule.

Mtungi unachelewa ingawa kwenye ramani ni karibu

Programu inapima mstari ulionyooka, gari haliruki. Kilwa kwa kodi ni 65 kwahiyo tuliiweka kwenye ghala la Lindi, sawa, ila visiwa vyake kama Songosongo vinataka boti, hivyo lazima vipewe mtu mwenye boti hata kama kata jirani ya bara ni ya mwingine. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga, upande mmoja wa Kilwa ukawa unafikika kutoka Dar na mwingine kutoka Lindi, eneo moja kwenye ramani likawa mawili kwa siku kadhaa. Toka hapo kila eneo letu lina ghala la pili la dharura limeandikwa kabisa.

Pini zote zimerundikana sehemu moja

Hii ni ndogo. Ukiona wateja 300 wote wako kwenye nukta moja katikati ya mji, programu haikuelewa anwani ikawabandika kwenye kitovu cha mkoa. Usizitumie hizo pini kuamua chochote, rudi kwenye kata aliyoitaja mteja.

Ukishapanga yote hayo, kwenye mkataba bandika karatasi yenye postikodi, jina la kata, halmashauri na tarehe ya orodha, na mstari unaosema kata ikigawanywa vipande vyote vinabaki kwa wakala yuleyule mpaka mkae tena mezani. Yule mzee wa mafuta ya taa nilimsomea kila kata kwa sauti kabla hajasaini, akanisimamisha kwenye mbili, na moja kati ya hizo alikuwa sahihi yeye, orodha yangu ndo ilikuwa imekosea.